Jinsi ya kuovakloki kadi ya michoro ya bei nafuu bila kuiharibu: mwongozo kamili kwa anayeanza

Wanaojaribu kuovakloki, yaani kuikimbiza kadi kwa kasi ya juu kuliko iliyowekwa kiwandani, kwa mara ya kwanza hukwama mahali pamoja. Mtu anaangalia video, ananakili namba za kadi ya mwenzake, anasukuma vitelezi vyote vya programu ya kurekebisha kasi kwa pamoja, gemu inaganda, skrini inakuwa nyeusi, naye anaamini kadi yake ni mbovu. Kadi haina tatizo. Hakupima ilikuwa inafanya nini kabla ya kuigusa, na ilipokwama hakuweza kujua ni badiliko lipi lililoikwamisha.

Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni moja: kitelezi kimoja kwa wakati mmoja, na kila badiliko lipimwe kabla ya jingine. Ni kazi ya jioni nzima. Ukiwa na dakika 20 tu, subiri siku nyingine.

Weka matarajio sawa pia. Kwenye kadi ya bei nafuu, ongezeko la asilimia 5 hadi 10 ni matokeo mazuri. Gemu iliyokuwa inakwenda fremu 50 kwa sekunde inaweza kufika 53 au 55. Haitafika 80. Na kama gemu inataka memori ya GB 6 huku kadi yako ina GB 4, hakuna kitelezi kitakachoziba pengo hilo.

## Je, kadi itaungua?

Ukitumia vitelezi vya kawaida bila kugusa volteji, ni vigumu sana kuiunguza kadi ya kisasa. Ndani yake kuna ulinzi: joto likizidi inajipunguzia kasi, umeme ukifika kikomo inajizuia, na kasi ikipita uwezo wa chipu, draiva (programu inayoiunganisha kadi na Windows) inakwama kisha inajiwasha upya. Kukwama huko kunaudhi, lakini hakuharibu kitu.

Kinachoharibu kadi ni mambo mengine: pawa saplai hafifu, adapta za umeme za kubahatisha, feni zilizojaa vumbi, kuandika upya BIOS ya kadi (programu ya msingi iliyo ndani yake), na kupandisha volteji. Hilo la mwisho linawavutia wengi, kwa hiyo hesabu yake ijulikane. Umeme unaoliwa na chipu hupanda kwa mraba wa volteji. Ongeza volteji kwa asilimia 10, matumizi ya umeme yanapanda kwa takriban asilimia 21 kabla hata hujaongeza kasi yoyote. Vipozaji vya kadi za bei nafuu havikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Jambo la dhamana lisome mapema. Watengenezaji wengi hawagharamii uharibifu uliotokana na kuovakloki, na AMD inasema hivyo hata pale unapotumia programu yake yenyewe.

## Usianze kabisa ikiwa

- Unatumia kompyuta mpakato. Kipozaji kimoja hugawanywa kati ya prosesa na kadi, na joto huwa tayari limefika mpakani.
- Kadi inaonyesha madoa, mistari au rangi za ajabu ikiwa katika hali yake ya kiwandani. Hiyo ina ugonjwa wake, na kasi zaidi itauzidisha.
- Kadi inapita nyuzi 83 au 85 kabla hujaigusa. Shughulikia upoozaji kwanza.
- Unapocheza, matumizi ya GPU (chipu ya kadi ya michoro) yanabaki asilimia 60 au 70 na hujawekea fremu kikomo chochote. Hapo kinachokurudisha nyuma ni prosesa, na kuovakloki kadi hakutaongeza hata fremu moja.

Hili la mwisho huwapotezea watu muda mwingi kuliko yote. Liangalie kabla ya kupakua chochote: fungua gemu unayocheza zaidi, zima kikomo cha fremu na V-Sync (mpangilio unaolinganisha fremu na skrini), utazame matumizi ya GPU. Yakiwa asilimia 95 hadi 99, endelea kusoma.

## Vitu unavyohitaji

MSI Afterburner. Hii ndiyo yenye vitelezi. Ni ya bure na inafanya kazi na kadi za kampuni nyingine pia, siyo za MSI tu. Ipakue kwenye tovuti ya MSI au Guru3D, kwingine usiguse. Mwaka 2021 MSI yenyewe ilitoa onyo kuhusu tovuti ya bandia iliyokuwa inasambaza programu hasidi kwa jina la Afterburner. Matokeo ya juu kabisa kwenye injini ya utafutaji yanaweza kuwa tangazo la mtego, kwa hiyo soma anwani kabla ya kubofya.

RivaTuner Statistics Server. Inakuja pamoja na Afterburner. Kazi yake ni kuonyesha joto, kasi na fremu juu ya gemu wakati unacheza.

GPU-Z, ya TechPowerUp. Inakuambia kadi yako ni ipi hasa na, kwa kadi za NVIDIA, kitu gani kinaizuia isikimbie zaidi.

Programu ya kupimia. Unigine Heaven inatosha kwa kadi za zamani. Unigine Superposition au 3DMark Time Spy zinafaa zaidi kwa kadi za miaka ya karibuni. Chagua moja na ubaki nayo, kwa sababu alama za programu mbili tofauti hazilinganishwi.

OCCT, kwa sababu ina jaribio la memori ya kadi linalohesabu makosa. Utaiona thamani yake kwenye hatua ya tano.

Daftari au faili tupu. Usitegemee kichwa. Baada ya majaribio kadhaa namba zote zinafanana.

FurMark sijaiweka kwenye orodha kwa makusudi. Inaipa kadi mzigo wa umeme usiofanana na gemu yoyote, kadi inajibana kwa kukosa wati, kasi inashuka, na mwisho unakuwa umejaribu uimara kwenye kasi ambayo hutaitumia kamwe.

## Hatua ya 1: Kagua umeme na usafi

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kasha. Toa vumbi kwenye feni na mapezi ya kipozaji kwa brashi laini au hewa ya kupuliza. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, maana ikizungushwa kwa kasi bearingi zake huumia.

Sasa tazama kadi inapata umeme wapi. Sloti ya PCIe, ile ambamo kadi huchomekwa kwenye ubao mama, inatoa hadi wati 75. Kiunganishi cha pini 6 kinaongeza 75, na cha pini 8 kinaongeza 150. Kadi kama GTX 1050 Ti na matoleo mengi ya GTX 1650 yana kikomo cha wati 75 na hayana kiunganishi chochote, kwa hiyo tayari yanakula karibu kila kinachotolewa na sloti. Kadi hizi zitaongezeka kidogo tu kwenye kasi ya chipu. Faida yake kubwa iko kwenye memori, au kwenye kupunguza volteji, ambako tutafika mwishoni.

Onyo moja ambalo si la mjadala: kama kadi inapata umeme kupitia adapta iliyotoka kwenye waya wa SATA (ule wa kulisha umeme diski), usiiovakloki. Kiunganishi cha SATA kimeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye njia ya volti 12. Adapta inayokigeuza kuwa pini 6 inaahidi 75, na ya pini 8 inaahidi 150. Plastiki inayeyuka hapo.

Umefanikiwa ikiwa: feni zinazunguka huru, waya wa umeme wa kadi unatoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, na pawa saplai yenyewe ina wati zinazopendekezwa na mtengenezaji wa kadi au zaidi.

## Hatua ya 2: Pima hali ya awali

Sakinisha draiva mpya ya kadi yako, halafu Afterburner. Kwenye mipangilio, sehemu ya "Monitoring", weka alama kwenye joto la GPU, matumizi ya GPU, kasi ya chipu, kasi ya memori na umeme, na kila kimoja ukiruhusu kionekane kwenye skrini. Chaguo la kufungua udhibiti wa volteji liache kama lilivyo, bila alama.

Endesha programu ya kupimia mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza kadi bado ni baridi na alama zake hudanganya kwa kuwa juu, kwa hiyo andika wastani wa ya pili na ya tatu. Andika pia joto la juu, kasi ya chipu iliyodumu muda mrefu, na fremu za gemu yako mahali pamoja unapoweza kurudia.

Usishangae ukiona kasi halisi inapita ile iliyoandikwa kwenye boksi. GTX 1660 Super, kwa mfano, imetangazwa kwa 1785 MHz, lakini mara nyingi utaiona juu ya 1800 bila kuigusa. NVIDIA huiacha kadi ijipandishe yenyewe kadiri joto na umeme unavyoruhusu, na kadiri inavyopata moto inashuka kwa vidaraja vya takriban 15 MHz. Ndiyo maana kupoza kadi vizuri peke yake ni ovakloki ndogo.

Kwenye GPU-Z, nenda sehemu ya "Sensors" utafute "PerfCap Reason" wakati kipimo kinaendelea. Ikiandika "Pwr", kadi inabanwa na kikomo cha umeme. "Thrm" ni joto. "VRel" ni volteji, yaani chipu imefika kasi ya juu ambayo volteji yake inaiamini. Andika ulichokiona, kwa sababu ndicho kitakachokuambia jitihada uziweke wapi.

Umefanikiwa ikiwa: alama mbili za mwisho zinatofautiana kwa chini ya asilimia 1. Zikipishana zaidi ya hapo, kuna programu inayofanya kazi chinichini au joto halijatulia. Tatua hilo kwanza, la sivyo hutaweza kutofautisha ongezeko la kweli na bahati.

## Hatua ya 3: Fungua kikomo cha umeme, panga feni

Sukuma "Power Limit" hadi mwisho na uithibitishe kwa alama ya tiki. Wengi huogopa kitelezi hiki kuliko vingine, ilhali ndicho salama zaidi: mtengenezaji mwenyewe ameweka mwisho wake ndani ya BIOS, na huwezi kuupita. Kwenye kadi nyingi za bei nafuu mwisho huo ni asilimia 100 na kitelezi hakisogei kabisa. Ni kawaida.

"Temp Limit" iache kama ilivyo. Kama Afterburner imeiunganisha na kitelezi cha umeme, bofya ile alama ya mnyororo uzitenganishe.

Kisha feni. Kwenye mipangilio, sehemu ya "Fan", washa udhibiti wa mtumiaji na upange mstari wa namna hii: nyuzi 40 kwa asilimia 30, nyuzi 60 kwa asilimia 50, nyuzi 70 kwa asilimia 70, nyuzi 80 kwa asilimia 100. Kelele ikikukera, utapunguza baadaye. Wakati wa kupima, poza kwanza.

Rudia kipimo. Kama mwanzoni ulikuwa unaona "Pwr" au "Thrm", huenda alama zimepanda kidogo tayari, na hujagusa kasi.

Umefanikiwa ikiwa: joto la juu liko chini ya nyuzi 80 kwenye kipimo kirefu. Kwa kadi za AMD za kizazi cha RX 5000 na kuendelea, tazama pia joto la "Junction" au "Hot Spot". Hilo huwa juu zaidi, na kikomo chake ni nyuzi 110, lakini ningependa libaki chini ya 95.

## Hatua ya 4: Kasi ya chipu

Anza na +50 kwenye "Core Clock". Thibitisha, endesha kipimo mara moja, angalia skrini kwa macho yako mwenyewe, usiende kunywa chai. Ikipita, ongeza 25. Pima tena. Endelea hivyo.

Mahali fulani itakwama: picha itaganda, skrini itazima sekunde chache na kurudi, au programu itajifunga. Windows huisubiri draiva kwa sekunde 2, na isipojibu inaiwasha upya. Skrini ikiganda bila kurudi, jaribu kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huiwasha upya draiva. Ikishindikana, shikilia kitufe cha kuzimia. Kompyuta ikiwaka, kasi itakuwa imerudi ya kiwandani, kwa kuwa bado hujaruhusu Afterburner ijiwekee namba zenyewe.

Baada ya draiva kuanguka, iwashe upya kompyuta nzima kabla ya jaribio lijalo hata kama skrini imerudi sawa. Kadi iliyotoka kuanguka hutoa alama za chini zisizoeleweka.

Sasa rudi nyuma kutoka namba iliyokwama: toa 40. Kama ilianguka kwenye +150, weka +110. Kadi nyingi za familia ya GTX 16 husimama kati ya +75 na +150, lakini chipu mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazilingani, ndiyo maana namba ya mwenzako haina maana kwako. Yako ikisimama kwenye +60, hiyo ndiyo kadi yako.

Kuna mtego hapa. Unapoweka +110, husogezi kasi moja, unasogeza mstari mzima wa kasi na volteji. Kwenye kipimo kizito kadi inabanwa na umeme na haifiki kilele cha mstari huo. Ukija kwenye gemu nyepesi, au menyu ya gemu, umeme unabaki, kadi inapanda hadi kileleni ambako hukuwahi kuipima, na inaanguka. Watu hushangaa: "Imepita Time Spy lakini inakufa kwenye menyu!" Ndiyo sababu. Kwa hiyo jaribu pia gemu nyepesi, na ubadilishe kati ya gemu na dirisha la kawaida mara kadhaa.

Umefanikiwa ikiwa: kipimo kinapita mara tatu mfululizo, alama zimepanda, na gemu nyepesi haianguki. Andika namba, kisha rudisha "Core Clock" kwenye 0. Ndiyo, rudisha. Memori inapimwa peke yake.

## Hatua ya 5: Memori, mahali wengi wanapodanganyika

Kwa kadi ya bei nafuu, memori mara nyingi huleta faida kubwa kuliko chipu, kwa sababu njia yake ni nyembamba. GTX 1660 Super ina basi (njia ya data) ya biti 192 na memori ya Gbps 14 (gigabiti kwa sekunde), ambayo ni GB 336 kwa sekunde. Ukiweka +500 kwenye Afterburner inakuwa Gbps 15, yaani GB 360 kwa sekunde. Hiyo ni asilimia 7 nzima, na umeme unaoongezeka ni mdogo.

Kwanza uelewe namba, maana kila programu ina lugha yake. Memori hiyo hiyo ya Gbps 14 inaonekana 1750 MHz kwenye GPU-Z na karibu 7000 kwenye Afterburner. Hakuna iliyokosea. Lakini ukichukua ushauri wa mtu anayesoma programu nyingine, +500 yake si +500 yako.

Kwenye memori ya aina ya GDDR6 panda kwa hatua za 100. Kwenye GDDR5 panda kwa 50. Kila hatua, endesha kipimo na uandike alama.

Sikiliza sasa. Chipu ikizidiwa inaanguka, unaona. Memori ikizidiwa inaweza isianguke. GDDR5 na GDDR6 zina uwezo wa kugundua data iliyoharibika njiani na kuituma tena. Picha inabaki safi, hakuna kinachoganda, nawe unaendelea kupandisha kitelezi kwa furaha, huku kadi inatumia muda mwingi zaidi kurudia kazi iliyokwisha kuifanya. Namba ya MHz inapanda na fremu zinashuka.

Ndiyo maana hapa alama ndizo mwamuzi, na kutokuanguka hakuthibitishi kitu. Mwenendo wa kawaida unafanana na huu (namba ni za mfano):

- +0: alama 5000
- +200: alama 5070
- +400: alama 5135
- +600: alama 5190
- +700: alama 5185
- +800: alama 5120

Mtu asiyeandika atachagua +800 kwa sababu haikuanguka. Anayeandika anaona kilele kiko karibu na +600, na anarudi hadi +500 ili abaki na nafasi siku ambayo chumba kina joto.

Ukishapata namba, fungua OCCT, chagua jaribio la VRAM (memori ya kadi), liache liendeshe dakika 15 au zaidi. Kosa hata moja ni ishara ya kushuka kwa 100 nyingine. Ukiona vitone vinavyometameta, mistari ya rangi au pembetatu zinazochomoka kwenye picha, shuka hapo hapo bila kusubiri OCCT.

Umefanikiwa ikiwa: alama ziko juu ya zile za awali, uko chini ya kilele kwa hatua moja nzima, na OCCT imehesabu makosa 0.

## Hatua ya 6: Ziunganishe, kisha zitese

Weka sasa namba zote mbili, ya chipu na ya memori. Usishangae zikigombana. Zinagawana umeme ule ule, na memori inayokimbia zaidi inaweza kuinyima chipu wati chache. Kadi ikianguka hapa ilhali kila moja ilipita peke yake, toa 15 hadi 30 kwenye chipu. Memori iache.

Majaribio ya uimara yaende hivi: dakika 30 za kipimo kinachojirudia, kama Heaven iliyoachwa izunguke. Kama umenunua 3DMark kamili, jaribio lake la uimara huzunguka mara 20 na linataka uthabiti wa fremu usishuke chini ya asilimia 97. Baada ya hapo cheza gemu zako mwenyewe kwa siku kadhaa. Hakuna programu ya kupimia inayogundua kila kitu, na mara nyingi ni gemu moja yenye mwanga wa miale au injini nzito inayofichua kilichojificha.

Ikianguka ukiwa mbali na skrini, fungua Event Viewer ya Windows, sehemu ya "System". Tukio namba 4101 la "Display", au makosa yenye jina nvlddmkm kwa kadi za NVIDIA, yanaielekezea kidole draiva ya kadi. Kompyuta nzima ikizima kama umeme umekatika na kujiwasha upya bila kuacha makosa ya namna hiyo, shuku pawa saplai kabla ya kadi, na urudishe kila kitu cha kiwandani mpaka ujue.

Umefanikiwa ikiwa: umecheza gemu tatu au nne tofauti kwa siku kadhaa bila kuanguka hata mara moja. "Ilianguka mara moja tu" maana yake bado. Toa 15 kwenye chipu.

## Hatua ya 7: Hifadhi

Bofya alama ya kuhifadhi kwenye Afterburner kisha namba 1. Hifadhi pia hali ya kiwandani kwenye namba 2, ili uirudie kwa mbofyo mmoja.

Kitufe chenye nembo ya Windows, kile kinachoweka ovakloki mara kompyuta inapowaka, kibonyeze sasa tu, siyo kabla. Anayekibonyeza mapema, na namba isiyotulia, anaweza kuishia na kompyuta inayoganda kila inapofika kwenye dirisha kuu. Ikikutokea, ingia Windows kwa njia ya "Safe Mode". Huko draiva ya kadi haipakiwi, namba hazishiki, nawe unaiondoa Afterburner kwa utulivu.

## Wenye kadi za AMD

Hatua ni zile zile, mahali ndipo tofauti. Unaweza kutumia Afterburner, au Adrenalin, programu ya AMD yenyewe, sehemu ya "Performance" halafu "Tuning", ukichagua "Custom". Chagua moja. Zikiwa zote mbili zinatoa amri, hutajua nani anashika usukani.

Kwenye kadi za RX 6000, kitelezi cha kasi ya chipu ndani ya Adrenalin kinaweka kasi ya juu kabisa kwa MHz, badala ya nyongeza. Panda kwa 25 kutoka ile iliyoandikwa pale. Adrenalin ina tabia nzuri pia: kompyuta ikizima vibaya, inarudisha kila kitu cha kiwandani na kukuarifu. Wageni hudhani mipangilio imepotea kwa hitilafu. Ni ulinzi, na ni sababu nyingine ya kuandika namba zako.

Wenye RX 570 na 580 wana zawadi moja: programu ya HWiNFO inaweza kuwaonyesha makosa ya memori ya kadi yanavyojihesabu wakati wa kucheza. Yakianza kuongezeka, memori imezidiwa. Lakini kama kadi ni ya mtumba, hakikisha kwanza kwamba BIOS yake ni ya asili. Nyingi za familia hii zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali, na waliozitumia walibadilisha namba za memori ndani ya BIOS. Ukiovakloki juu ya hapo unaongeza kwenye kitu kilichokwisha kuongezwa.

## Kadi yako inasema "Pwr" muda wote? Punguza volteji

Kwa kadi zilizofungwa wati 75, na kwa zile zenye kipozaji kidogo, mimi ningeanzia hapa na kuachana na kitelezi cha chipu. Ukipunguza volteji, chipu inakula wati chache kwa kasi ile ile, na wati zilizobaki zinaiwezesha kushikilia kasi hiyo muda mrefu bila kushuka.

Kwa NVIDIA, angalia kwanza kadi inakimbia kasi gani kwenye kipimo kirefu. Tuseme ni 1800 MHz. Weka "Core Clock" kwenye −200 na uthibitishe, kisha bonyeza Ctrl na F kufungua mstari wa kasi na volteji. Tafuta nukta ya 900 mV (milivolti), iburute juu hadi 1800, uthibitishe tena. Nukta zote za kulia zitalala usawa mmoja, na kadi haitavuka 900 mV.

Pima kama ulivyopima chipu. Ikipita, jaribu 875. Ikianguka, panda hadi 925. Unachotafuta ni alama zile zile au zaidi, huku joto na kelele vikishuka. Memori uliyoipata kwenye hatua ya tano inabaki juu yake bila shida.

## Lini upime upya

Draiva mpya ikiingia, endesha kipimo mara moja na ulinganishe na namba zilizo kwenye daftari lako. Draiva mpya inaweza kuibana kadi kwa namna ambayo ya zamani haikuibana. Fanya hivyo pia hali ya hewa inapobadilika kuwa ya joto, na kila unaposafisha kadi. Gemu mpya ikianza kuanguka, jambo la kwanza kabla ya kuilaumu ni kubofya ile namba 2 ya hali ya kiwandani na kucheza nusu saa. Ikiendelea kuanguka, kosa ni la gemu au draiva. Ikitulia, rudi namba 1, toa 15 kwenye chipu, ujaribu tena.